Ujuzi wa Gereji na wa Kambini: Jinsi Unavyoweza Kuhesabiwa Chuoni

Mwashi aliyejenga nyumba thelathini kati ya Rongo na Awendo, lakini hana cheti hata kimoja, akiomba kazi kwa mkandarasi mkubwa huandikwa kibarua. Fomu ina nafasi ya kujaza cheti, haina nafasi ya kujaza nyumba. Mambo ni hayo hayo kwa mwanajeshi anayerudi nyumbani Ndhiwa au Kuria baada ya miaka mingi ya utumishi. Ametengeneza malori, ameendesha mitambo ya redio, ameongoza watu thelathini. Karatasi yake ya kustaafu inataja cheo, tarehe na tabia njema. Msajili wa chuo akiisoma, haoni somo hata moja la kumpunguzia.

Wote wawili wanaweza kusaidiwa na sheria iliyopo. Makala hii inaeleza njia mbili ambazo wakazi wengi wa Migori na Homa Bay huzichanganya, na kwa kuzichanganya hupoteza nauli, ada na muda. Ya kwanza ni utambuzi wa ujuzi wa awali, ambao maofisini huitwa RPL. Hapo mtu anapimwa kwa kile anachokijua na kukiweza, bila kujali alikijifunzia wapi, na akifaulu hupewa cheti. Ya pili ni uhamishaji wa krediti. Hapo mtu ambaye tayari ana masomo yaliyopimwa na taasisi inayotambuliwa huomba chuo kingine kisimrudishe kusoma masomo hayo tena.

Asiye na karatasi yoyote huanza na njia ya kwanza. Mwenye karatasi za masomo huanza na ya pili. Mwanajeshi mstaafu mara nyingi huhitaji zote mbili, na ndiyo maana sehemu yake hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Ngazi kumi za taifa

Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kitaaluma, nambari 22 ya mwaka 2014, iliunda mamlaka inayojulikana kama KNQA. Kazi yake mojawapo ni kupanga vyeti vyote nchini katika ngazi kumi, ili cheti cha fundi na shahada ya chuo kikuu vipimwe kwa kipimo kimoja. Cheti cha ufundi stadi, ambacho wengi hukiita artisan, kiko ngazi ya 4. Cheti cha craft kiko ngazi ya 5, diploma ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10.

Majaribio ya ufundi ya NITA, yale ambayo mafundi wa jua kali wameyajua kwa miaka mingi kama Grade Three, Grade Two na Grade One, yana nafasi yake humo pia. Daraja la tatu huingia ngazi ya 3, la pili ngazi ya 4, na la kwanza ngazi ya 5. Anayefanya jaribio la NITA haulizwi alama za KCSE. Hili wengi hawalijui, na mafundi wazuri wamekaa nyumbani wakidhani mlango umefungwa kwa sababu waliacha shule darasa la saba.

Sera ya kitaifa ya RPL ilizinduliwa mwaka 2024. KNQA husimamia utaratibu, lakini cheti chenyewe hutolewa na taasisi yenye mamlaka ya kutoa vyeti, kama vile NITA, baraza la TVET CDACC au chuo kilichoidhinishwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza katika ofisi yoyote ni hili: je, mmeidhinishwa kufanya RPL katika fani yangu, na cheti kitatolewa kwa jina la nani? Chuo kinaweza kuwa kimeidhinishwa kwa ushonaji na kisiwe kimeidhinishwa kwa umeme.

Mtathmini anatafuta nini

Miaka mingi kazini peke yake haimpi mtu cheti. Mtathmini ana orodha ya umilisi unaotakiwa katika fani na ngazi husika, na kazi yake ni kulinganisha. Mshonaji wa Oyugis aliyefanya kazi miaka kumi na miwili lakini akashona sare za shule pekee anaweza kukosa baadhi ya vitengo. Mwenzake wa miaka mitano aliyekata suti, magauni na mapazia anaweza kuvipata vyote.

Mwombaji huanza kwa kuzungumza na mshauri, kisha hujipima mwenyewe akitumia orodha ileile ya umilisi. Baadaye hukusanya jalada la ushahidi. Humo huingia picha za kazi akiwa anaifanya na baada ya kuimaliza, risiti, barua kutoka kwa wateja na waajiri, vyeti vya semina, leseni, hata daftari la makadirio ya vifaa. Picha nzuri ni ile inayoonyesha hatua. Fundi wa mashua wa Sori au Mbita akipiga picha ya mashua iliyokwisha kupakwa rangi, mtathmini ataona rangi tu. Akipiga mkuku ukiwekwa, mbavu zikifungwa na mbao zikizibwa, amejieleza bila kusema neno.

Baada ya jalada huja mahojiano na kazi ya mikono mbele ya mtathmini. Hapa ndipo mafundi hodari hujikwaa, na si kwa sababu hawajui kazi. Mwashi anachanganya zege kwa ndoo na jicho, na zege lake ni imara. Lakini akiulizwa uwiano, anasema "inategemea". Mtathmini anataka kusikia kwamba kwa zege la nguzo na mihimili uwiano unaotumika sana ni 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwamba zege humwagiliwa maji siku saba au zaidi lisikauke kwa haraka likapasuka. Na kwamba maji yakizidi kwenye mchanganyiko nguvu hupungua. Mambo hayo mwashi huyo huyafanya kila wiki. Ni maneno tu ambayo hajazoea kuyatamka.

Kusoma ramani ya jengo, kukadiria gharama na usalama kazini ni maeneo mengine matatu ambayo mtu hujifunza kidogo sana akiwa msaidizi wa fundi. Mchomea vyuma wa Migori mjini anayetumia miwani ya jua badala ya kinga ya uso atashindwa kabla hajawasha mashine, hata kama mageti yake yamesimama mtaa mzima. Wiki mbili za kujiandaa na mwalimu wa kituo cha ufundi zinafaa sana kabla ya siku ya kupimwa. Vituo hivyo viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, na kuvifikia hakuhitaji safari ya Nairobi. Asiyeelewa Kiingereza cha kiufundi aseme mapema, wakati wa ushauri, ili lugha ya mahojiano ipangwe.

Matokeo si lazima yawe kufaulu au kushindwa kabisa. Mafunzo ya umilisi yamegawanywa katika vitengo, na mtu anaweza kuonekana ana umilisi katika vitengo saba kati ya kumi. Hao saba ni wake. Kinachobaki ni kusomea vile vitatu, badala ya kukaa darasani miaka miwili akifundishwa anachokijua.

Kwa waliotumikia jeshini

Tuseme koplo mmoja amestaafu na kurudi Uriri. Alijiunga akiwa na cheti cha KCSE cha alama ya D+, akawa dereva, kisha mekanika wa magari makubwa, kisha msimamizi wa karakana. Anataka diploma ya uhandisi wa magari, na baadaye shahada. Akienda chuoni na kusema "nimefanya kazi hii miaka kumi na minane", atapewa fomu ya mwaka wa kwanza. Akipanga karatasi zake katika mafungu matatu kabla ya kwenda, mazungumzo yatakuwa mengine.

Fungu la kwanza ni kozi zilizomalizika kwa cheti cha taasisi ya kiraia. Wanajeshi wengi wa vitengo vya ufundi hufanya mitihani ya KNEC au majaribio ya NITA wakiwa bado kazini, na wengine wamesoma katika vyuo vya jeshi ambavyo sasa viko chini ya Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi, kilichopewa hati yake mwaka 2021. Masomo haya hayahitaji RPL. Yana matokeo, na yanaingia moja kwa moja katika ombi la kuhamisha krediti. Inasikitisha kwamba wengine huacha vyeti hivi ndani ya sanduku wakidhani ni vya kijeshi tu.

Fungu la pili ni kozi za ndani ya jeshi zisizo na cheti cha kiraia: udereva wa magari mazito, mawasiliano, ugavi na ghala, ukufunzi, uongozi wa makamanda wadogo. Chuo hakiwezi kuzipa uzito bila kujua kilichofundishwa. Kinachotakiwa ni hati inayotaja jina la kozi, tarehe, saa au wiki za mafunzo, mada zilizofunzwa na namna mwanafunzi alivyopimwa. Katika mfumo wa taifa, krediti moja ni sawa na saa kumi za kujifunza. Kozi ya wiki sita, saa arobaini kwa wiki, ni saa 240, nazo kwa hesabu tupu ni krediti 24. Hesabu hiyo haimlazimishi mtu yeyote kumpa koplo krediti 24, kwa sababu mada lazima zilingane na za diploma na kiwango kiwe kile kile. Lakini inampa mahali pa kuanzia mazungumzo, na afisa wa usajili anaweza kuifuata.

Fungu la tatu ni kazi aliyoifanya bila kozi yoyote. Kusimamia karakana ni mfano wake. Hiyo hupitia RPL kama ilivyo kwa fundi yeyote wa gereji, kwa jalada, mahojiano na kazi ya mikono.

Kuna tahadhari moja inayowahusu wanajeshi peke yao. Picha za kambi, silaha, mitambo ya mawasiliano au magari ya operesheni hazifai kuwekwa katika jalada la ushahidi, hata kama ni kazi safi ya mhusika mwenyewe. Sheria ya Siri za Serikali haikomi siku ya kustaafu. Badala ya picha, aombe barua ya utumishi inayoeleza majukumu yake kwa maneno ya kawaida: aina ya magari, idadi ya watu aliowasimamia, kazi za ukarabati alizozifanya. Ni rahisi zaidi kuipata barua hiyo kabla ya kuondoka kikosini. Aliye bado kazini na amebakiza mwaka mmoja aanze sasa kuomba rekodi zake za mafunzo, maana baada ya kustaafu kila swali litapitia ofisi za kumbukumbu. Wastaafu wanaweza pia kupata mwongozo kupitia chama cha wanajeshi wa zamani, DEFOCA.

Wahudumu wa afya wa jeshini na mafundi umeme wasome sehemu hii mara mbili. Cheti cha RPL si leseni. Aliyetibu majeruhi kambini hawezi kufungua kliniki Kendu Bay bila kusajiliwa na baraza la taaluma yake, na mfunga nyaya za umeme huhitaji leseni ya EPRA. Krediti zitamfupishia masomo, lakini mtihani wa baraza utabaki pale pale.

Kutoka diploma hadi shahada

Kwa shahada, msimamizi ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Njia inayofahamika ya kuingia ni alama ya C+ katika KCSE, lakini diploma kutoka taasisi inayotambuliwa nayo hufungua mlango, na ndiyo njia ambayo koplo wetu ataitumia. Atapanda kutoka ngazi ya 5 hadi ya 6, kisha ya 7, kila ngazi ikimhesabia ya chini yake.

Viwango vya CUE vya mwaka 2014 vimeweka kikomo: krediti zinazohamishwa haziwezi kuzidi asilimia 49 ya masomo ya msingi ya programu. Zaidi ya nusu ya shahada lazima isomwe katika chuo kitakachoitoa. Anayeahidi shahada kamili kwa "uzoefu wa maisha" pekee, bila kusoma, anauza karatasi ambayo CUE haitaitambua.

Uamuzi wa mwisho ni wa seneti ya chuo kikuu chenyewe, na vyuo vikuu hutofautiana. Kwa hiyo ombi liandikwe na kupelekwa kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, likiwa na matokeo rasmi na maelezo ya kila somo linaloombewa krediti. Wakazi wa Migori wana Chuo Kikuu cha Rongo karibu, na wa Homa Bay wana Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Kuwauliza wote wawili ni gharama ya nauli tu. Swali liwe mahususi: "Mtanihesabia masomo yapi, na nitaingia mwaka wa ngapi?" Jibu liombwe kwa maandishi. Wengi wameambiwa kwa mdomo kwamba wataingia mwaka wa pili, kisha wakajikuta na orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza ya kulipia kando.

Sheria, udaktari, uuguzi na uhandisi zina mabaraza yenye masharti ya ziada, mengine yakirudi hadi kwenye alama za KCSE. Mwenye nia ya kozi hizo aulize baraza kwanza, chuo baadaye.

Waliosomea ng'ambo ya mpaka

Isebania na Sirare ni soko moja lenye mpaka katikati, na mafundi wengi wa Kuria wamejifunza kazi Tarime au Mwanza. Tanzania, kupitia VETA, hupima mafundi waliojifunza kazini kwa utaratibu unaoitwa urasimishaji ujuzi. Aliyepata cheti hicho asikifiche. Akipeleke KNQA kilinganishwe na ngazi za Kenya. Mwenye shahada ya chuo kikuu cha nje huipeleka CUE.

Wapo pia vijana wetu waliotumikia jeshi la Marekani. Huko utaratibu ni wa zamani. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia karo wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na tangu miaka hiyo Baraza la Elimu la Marekani limekuwa likikagua kozi za kijeshi na kupendekeza zina thamani ya krediti ngapi. Wanajeshi wengi wa huko hupata hati moja, Joint Services Transcript, yenye kozi zao na mapendekezo hayo. Ni mapendekezo tu. Chuo cha Kenya kinaweza kuyatumia kama ushahidi mzuri wa kilichofundishwa, lakini hakifungwi nayo. Kinachofaa kuigwa kutoka huko ni umbo la hati: kozi, saa, mada, kipimo. Aliyehudumu Gilgil au Lanet anaweza kujitengenezea jedwali la namna hiyo kwa mkono na kuambatisha barua za kuthibitisha.

Ada na madalali

Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulifichua vyeti bandia zaidi ya 2,000. Baadhi ya waliokuwa navyo walipoteza kazi, na wengine walitakiwa kurudisha mishahara. Tangu neno RPL lianze kusikika, wamejitokeza watu mitaani wanaosema wanaweza "kuharakisha". Hakuna RPL bila kupimwa. Anayepokea pesa na kutoa cheti bila mwombaji kushika chombo cha kazi anauza kesi.

Ada za taasisi za serikali hulipwa kupitia eCitizen au akaunti ya taasisi, si kwa nambari ya simu ya mtu. Risiti itunzwe, kwa sababu itaulizwa siku ya kupimwa. Anayetaka jaribio la NITA anaweza kuanzia katika Kituo cha Mafunzo ya Viwandani cha Kisumu, na anayekusudia kusoma vitengo vilivyobaki aulize vyuo vya ufundi vya karibu, kama Mawego kwa upande wa Homa Bay na Siala kwa upande wa Migori. Wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya umma waulize pia kuhusu mkopo wa HELB.

Siku ya kwanza mwombaji aende na kitambulisho, vyeti vyote alivyo navyo hata vya kozi ya siku tatu, na nakala mbili za kila kimoja. Vyeti halisi vionyeshwe na kurudi navyo nyumbani. Ofisini ziachwe nakala. Kama jina kwenye cheti linatofautiana na la kitambulisho, jambo la kawaida kwa walioolewa au walioongeza jina la ukoo, hati ya kiapo au ya kubadili jina iandaliwe kabla ya hapo. Jina lisipolingana, faili husimama hata kama kazi ya mikono imefaulu.